Alipoulizwa Habari za Miska

Bi Ummukulthum hakusema uongo. Hilo tuliweke wazi mapema, maana mwenyewe alilishikilia siku tisa nzima, kazini, jikoni, hata juu ya msala. Hakusema neno baya juu ya Miska, mtoto wa jirani yake Zahra. Hakusema neno lolote, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wapemba na Waunguja wa London wamebadilisha mengi. Wananunua samaki aliyekwisha parwa magamba, wanavaa makoti mazito juu ya mabuibui, wanazikana kwenye makaburi yenye namba. Lakini posa bado inakwenda kwa kuulizia. Mwanamke mtu mzima wa upande wa mume humtafuta jirani wa binti, si ndugu, maana ndugu atasifu tu, akamuuliza hawa watu vipi. Anayeulizwa ana kazi moja. Kama binti hana ila, aseme upesi na aseme kwa sauti: chukueni, mmepata mke. Akichelewa, akaguna, akavuta pumzi, basi keshajibu. Watu wote wanalijua hilo, na Bi Ummukulthum, mzaliwa wa Wete, mwenye miaka hamsini na tisa, alilijua kuliko wengi.

Aliyempigia simu alikuwa Bi Raya wa Queensbury, shangazi yake Asad, kijana aliyeposa.

"Wewe umekaa nao ukuta kwa ukuta miaka ishirini na mbili," alisema Bi Raya. "Nambie, dada yangu. Huyu Miska vipi?"

Bi Ummukulthum alikuwa amesimama jikoni kwake, Ilford, na mwiko mkononi. Alifungua kinywa aseme linalopaswa kusemwa. Badala yake akamwona akilini Muhsin, mwanawe wa pekee, kijana wa miaka thelathini na moja anayefanya kazi duka la dawa, ambaye tangu utotoni hakuweza kukaa chumba kimoja na Miska bila kuangusha kitu. Mama alikuwa anasubiri. Amwache msichana amalize chuo, asimharakishe, halafu aende kwa Zahra kwa adabu na sinia ya halua. Hakumwambia mtu, hata Muhsin mwenyewe. Sasa watu wa Queensbury, ambao hawakuwahi kumwona Miska akijifunza baiskeli kwenye njia ya mtaa wao, walikuwa wamemtangulia. Hasira zilimpanda. Akavuta pumzi ndefu. Akanyamaza kiasi cha mtu kuhesabu mpaka kumi.

"Ah," alisema mwisho. "Haya, kila la heri, bibi."

"Ahsante," alisema Bi Raya. "Nimekufahamu."

Simu ikakatika. Angeweza kupiga tena palepale. Mwiko alikuwa bado anao mkononi.

Siku ya pili ilisemekana Ummukulthum ameguna. Siku ya nne ilisemekana ameguna kwa sababu Miska alipokuwa chuo kikuu, Leeds, alikuwa na mwanamume. Kwenye kundi la simu la akina mama, lile lililoanzishwa kwa ajili ya kuchangia maulidi, mmoja aliweka kikaragosi cha macho mawili bila maneno, na wenzake kumi na wanne wakamwelewa. Siku ya saba mwanamume wa Leeds alikuwa amekwisha funga ndoa na Miska na kumwacha. Siku ya tisa walikuwa na mtoto, wa kike, na mtu alijua hata rangi ya nywele zake. Leeds watu wanazaa haraka.

Siku hiyo ya tisa ilikuwa Alhamisi. Saa sita mchana, wakati wa kula, Bi Ummukulthum aliketi kwenye kreti nyuma ya chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Hayes anakofanya kazi, ndege za abiria zikiruka karibu mno juu ya kichwa chake, akasikiliza ujumbe wa sauti kutoka kwa Zahra.

"Ummu, shoga yangu. Bi Raya anakuja leo saa kumi na moja. Anasema ana neno, na neno lenyewe nalijua, wanaondoa posa. Miska hali chakula tangu juzi. Njoo ukae na mie. Peke yangu sitaweza kumtazama yule mwanamke usoni."

Akausikiliza mara tatu. Sambusa yake akamtupia njiwa.

Alitoka kazini saa tisa, akapanda treni ya moja kwa moja, ile ya Elizabeth inayopita chini ya mji mzima mpaka Ilford. Alipata kiti cha dirishani. Alikuwa amesimama tangu alfajiri akilisha mashuka kwenye mashine ya pasi, miguu imevimba, na usiku uliopita hakulala. Aliegemeza kichwa akamfikiria Miska. Wiki chache nyuma, msichana yule alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio wa nyuma akimweleza kitu anachokisomea kwa shahada yake ya pili. Ni utenzi wa Kiingereza cha zamani, miaka mia sita na zaidi. Mtunzi analala, anaota amebebwa juu mpaka kwenye nyumba ya Sifa, na karibu yake iko nyumba ya Uvumi.

"Kila neno linalosemwa duniani linapanda kule, Mamkubwa," alisema Miska. "Hata yale ya kunong'ona. Imagine."

"Hata ya jikoni kwangu?"

"Especially ya jikoni kwako."

Walicheka wote wawili. Posa ya Asad ilikuwa haijaja bado.

Treni ilipoingia ardhini karibu na Paddington, Bi Ummukulthum aliona maneno ya abiria yakitoka. Yalitoka vinywani mvuke mvuke, yakapanda mpaka dari, yakakusanyika pale na kuanza kutafuta mwanya. Kijana mwenye kofia alikuwa anamsema bosi wake, na maneno yake yalinuka vitunguu. Wanawake wawili waliokuwa wananong'ona walitoa mvuke mzito kuliko wote. Kisha treni, ambayo kwa haki ingeendelea chini ya ardhi, ikaanza kupanda. Hakushtuka. Aliona ni jambo la kawaida kwa saa ile.

"Kituo kinachofuata," ilisema sauti ya kwenye kipaza sauti, kwa lafudhi ya Wete kabisa, "ni Wanasema. Ukishuka hapa, unaweza kubadilisha treni kwenda Usinitaje na Wallahi Nimeona."

Watu wengi walishuka kwenda Wallahi Nimeona. Yeye alibaki. Madirisha yalijaa mawingu, halafu mawingu yakawa povu la sabuni, na sauti ile ikatangaza mwisho wa reli.

Aliposhuka aliijua harufu kabla hajaona kitu. Ilikuwa sabuni, mvuke na pamba ya moto. Nyumba ya Sifa ilikuwa chumba cha kufulia. Ila hiki hakikuwa na mwisho. Kuta zake alizisikia kwa mbali bila kuziona, na juu, mahali pa dari, palikuwa na vijidirisha maelfu kwa maelfu, na kila kijidirisha kilikuwa kinaingiza mashuka. Yaliingia yakipepea, taratibu, yakashuka kwenye meza ndefu. Kila shuka lilikuwa mtu. Jina lake limeshonwa pembeni kwa uzi mwekundu.

Kwenye meza hizo walikaa wanawake. Nyuso hazikuonekana kwa mvuke, lakini mikono aliitambua. Huu wenye hina iliyofifia ni wa katibu wa kundi la maulidi. Huu wenye saa ya dhahabu ni wa mwanamke mmoja wa Hayes, ambaye hujambo yake tu ni robo saa. Kila mkono ulikuwa na kalamu. Shuka likifika, mkono unaandika mstari mmoja na kulisukuma kwa wa pili. Hakuna aliyeandika mengi. Kila mmoja aliandika kidogo tu, kwa hati nzuri, na wengi walianza kwa kumuomba Mungu msamaha.

Mbele kabisa, juu ya kaunta, alikaa mwenye nyumba. Mara alikuwa mdogo, wa kuweza kukaa kwenye kikombe, mara kichwa chake kinapotea kwenye mvuke. Watu walijipanga foleni mbele yake na yeye alikuwa anagawa sifa namna watu wengine wanavyogawa biriani kwenye harusi: anayemfahamu anajaziwa nyama, mwengine anapewa wali mtupu, na anayebaki mwisho anaonyeshwa sufuria. Mzee mmoja aliyeendesha gari la wagonjwa miaka thelathini aliomba jina jema dogo tu, la kuwaachia wajukuu. "Halipo," aliambiwa. Nyuma yake alikuja kijana ambaye maisha yake yote alijipiga picha akila kuku, na kwake zikapigwa ngoma mpaka sakafu ikatetemeka. Kisha muuguzi, mwanamke mnyenyekevu, akasema hataki kitu, anataka asahauliwe. Mwenye nyumba akacheka, akampachika aibu ya mtu mwengine, akaita, "Mwengine!"

"Hii si haki," alisema Bi Ummukulthum.

"Nani kakwambia ni haki?" alijibu mwenye nyumba, wala hakuonekana kukasirika.

Hapo ndipo alipoliona shuka la Miska. Lilikuwa linatoka meza ya mwisho. Herufi nyekundu pembeni alizisoma mara moja, na sehemu nyengine yote ilikuwa imejaa maandishi, Leeds juu ya Leeds, mtoto na nywele zake, mpaka pamba yenyewe haionekani. Alilikimbilia. Miguu yake haikumuuma tena, ila kila alipokaribia, meza ilirefuka.

"Nani kalileta hili?" alipiga kelele.

Mikono yote ikasimama. "Wewe," ilisema, maana kule mikono inasema.

"Mie sikuandika kitu!"

"Hukuandika. Ndiyo maana tulipata nafasi."

Akakumbuka, na kwenye ndoto kukumbuka ni kuona. Akaliona shuka lilelile likitoka jikoni kwake siku ile, jeupe pee, limekunjwa vizuri, jina pembeni na hakuna zaidi. Angeandika maneno matatu tu, lingekuwa limeshajaa. Alilituma tupu.

Shuka lilikuwa linasogea kuelekea mashine ya pasi. Mashine hiyo aliijua. Ndiyo hiyohiyo anayoilisha kila siku, magogo mawili ya moto yanayozunguka, na kazi yake ya kwanza kila asubuhi ni kutazama madoa, maana doa likishapita kwenye ule moto halitoki, shuka linakatwa matambara. Akapaza sauti.

"Lirudisheni likafuliwe!"

"Hapa hatufui," alisema mwenye nyumba kutoka juu. "Hapa tunapiga pasi tu."

"Linafuliwa wapi?"

"Lilikotoka."

Aliliwahi kwa ncha. Alilivuta kwa mikono miwili, joto likamchoma viganja, na mashine ikavuta upande wake, nayo ilikuwa na nguvu kuliko yeye. Akataka kusema. Alijua kabisa la kusema, lilikuwa limekaa juu ya ulimi, maneno matatu. Alifungua kinywa na kilichotoka ni pumzi ileile, ndefu, na "Ah" ileile. Mikono yote mezani ikashika kalamu ikaanza kuandika upya.

"Madam. Madam! Last stop."

Mfanyakazi wa reli alikuwa anamgusa bega kwa ncha ya kidole. Treni ilikuwa tupu. Nje kulikuwa na miti na magari yameegeshwa, na bango liliandikwa Shenfield. Amelala mpaka mwisho wa njia, Ilford imekwisha pita zamani. Saa ya kituoni ilionyesha kumi na dakika arubaini.

Alimpigia Zahra, simu haikupokewa. Alipata treni ya kurudi, akasimama mlangoni muda wote, na kila kituo kilipotajwa alikichukia. Kutoka stesheni ya Ilford mpaka nyumbani kwao ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa mtu wa umri wake. Aliukimbia kwa dakika tisa, koti wazi, mtandio begani. Watu wa dukani walimtazama. Waacheni watazame, alijiambia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe kusema hivyo.

Mlango wa Zahra haukufungwa kwa ufunguo. Ndani, Bi Raya aliketi kwenye ncha ya kochi na koti lake hajalivua, ishara kwamba amekuja kwa neno moja na kuondoka. Chai ilikuwa imepoa mbele yake, na karibu na kikombe Zahra alikuwa ameweka kijisanduku cha pete iliyoletwa na posa, tayari kukirudisha. Macho ya Zahra yalikuwa mekundu. Miska alisimama ukutani, mikono kifuani, akitazama zulia.

"Umekuja," alisema Zahra. "Kaa hapa karibu yangu."

"Sikai," alisema Bi Ummukulthum. Alihema. "Bi Raya, ulichokuja kusema umeshasema?"

"Ndiyo kwanza nilikuwa naanza."

"Basi nisikilize mie kwanza. Uliniuliza habari za Miska, nikanyamaza. Mtoto huyu hana ila. Hana mtu Leeds, hana ndoa, hana mtoto, hana chochote. Nilinyamaza kwa choyo. Nilikuwa namtaka mie, kwa Muhsin, na nyinyi mkanitangulia. Nikaona uchungu, nikavuta pumzi. Nilijua utafahamu nini. Nikakuacha ufahamu."

Zahra alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayedhani mwenzake anajitolea kumfichia aibu. Kisha akamtazama vizuri, na kicheko kikaisha.

Bi Raya alizungusha kikombe kwenye kisahani.

"Walionipigia wengine walikuwa wengi," alisema mwisho. "Wenye maneno marefu. Sikuwaamini hata mmoja, wallahi, nawajua ndimi zao. Wewe uliponyamaza ndipo nilipoogopa. Nilisema, huyu ni jirani, anamjua mtoto, na hataki kumvunjia heshima." Akaanza kufungua vifungo vya koti. "Basi mie sina tena nililokuja nalo. Zahra, dada yangu, nisamehe. Tupange siku."

Zahra alifunika uso kwa viganja akamshukuru Mungu. Bi Ummukulthum alishika mgongo wa kiti. Doa limetoka, alijiambia. Limefuliwa.

"Shangazi," alisema Miska kutoka ukutani. "Asad alisema nini?"

"Alisema nini lini, mama?"

"Ulipomwambia yote hayo. Leeds na mtoto. Yeye alisema nini?"

Bi Raya alisita. Ni mwanamke mkweli, tumpe haki yake. "Alisema, mtakavyoona nyinyi."

"Basi?"

"Asad ni kijana mtiifu, mwanangu. Anaheshimu wakubwa."

Miska alitikisa kichwa polepole, kama anayesoma kitu na kufika mwisho wake. "Ana namba yangu," alisema. "Nine days. Simu yangu niko nayo hapa. Hata kuniuliza, Miska, is it true, hakuniuliza." Alikuja mpaka mezani, akachukua kijisanduku cha pete, akakiweka kwenye kiganja cha Bi Raya na kukifunga kwa vidole vya mwanamke yule mwenyewe. "Sina hasira naye. Mwambie hivyo. Lakini basi."

"Miska!" alisema mama yake.

"Mama, leo ni Mamkubwa Ummu kanyamaza. Kesho atanyamaza mwengine. Nitaishije?"

Bi Raya alifunga vifungo vyake kimoja kimoja, akambusu msichana kwenye paji la uso, akatoka. Miska alipanda juu chumbani kwake. Walisikia mlango ukifungwa, bila kubamizwa.

Wakabaki wawili, na chai iliyopoa. Bi Ummukulthum alisubiri matusi. Aliyataka, yangemsaidia.

"Ungenambia," alisema Zahra.

"Najua. Ile simu, siku ileile, ningekuja nikakwambia."

"Sisemi simu. Nasema Muhsin." Sauti ya Zahra ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeongea na mgonjwa. "Miaka yote hii nilikuwa nangoja uje. Nilidhani humtaki mwanangu. Ungekuja na neno tupu, Ummu, bila hata halua, ningekupa kwa mikono miwili." Akavikusanya vikombe kwenye sinia. "Sasa nenda nyumbani. Leo siwezi kukutazama."

Akaenda. Kutoka mlango wa Zahra mpaka wake ni hatua kumi na moja, na zilimchosha kuliko mbio za kutoka stesheni. Alikaa mezani jikoni na koti lake.

Muhsin alirudi saa kumi na mbili na nusu. Alimsikia akivua viatu, nusura aanguke, akijisema. Aliingia jikoni na mfuko wa mkate, akauweka mezani, akauondoa, akauweka tena.

"Mama," alisema. "Wanasema ile posa ya kwa kina Miska imevunjika. Ni kweli?"

Alijitahidi kuuliza kwa sauti ya mtu asiyejali. Lakini uso wake ulimponyoka. Uling'ara wote, mpaka masikioni, na mama hakukumbuka lini mara ya mwisho kumwona hivyo.

"Kweli," alisema Bi Ummukulthum. "Vuta kiti, mwanangu, ukae. Nikwambie imevunjikaje."

Akavuta kiti akakaa, bado anatabasamu.